Rangi ya Mama Chini ya Turubai la Buluu

Kijana mwenye duka la vifaa vya umeme hapa Tassia hanipendi, na ana haki. Nikienda kununua balbu, hizi za siku hizi zisizo na waya ndani wala joto, humwambia aiwashe kwanza. Kisha nanyosha mkono chini yake, naugeuza, naangalia mgongo wa kiganja na kucha. Mkono ukionekana wa maiti, namrudishia balbu yake. Yeye hunionyesha sanduku lililoandikwa mwanga wa mchana. Mimi humjibu kwamba mchana naujua tangu nizaliwe, na huo si mchana. Siku moja nilizikataa balbu sita mfululizo, na waliokuwa nyuma yangu wakaanza kukohoa.

Tabia hii niliipata katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa nikiishi Kayole, kwa fundi mmoja wa televisheni. Ninamheshimu fundi yule kuliko watu wengi waliosoma niliokutana nao baadaye. Nilianza kwa kumdharau, na hilo nalisema mapema ili mtu asinione mwema.

Wakati huo nilikuwa na mwaka mmoja tu ndani ya ndoa. Nilifanya kazi Industrial Area, kwenye kiwanda cha rangi za nyumba, na kazi yangu ilikuwa kuangalia. Kila pipa la rangi lilipokuwa tayari, rangi kidogo ilipakwa kwenye kadi, kadi ile ikawekwa kando ya kadi ya zamani ndani ya kabati moja la kijivu, nami nikainama nikatazama kama zinafanana. Kabati lilikuwa na taa tatu: ya kuiga jua, ya tyubu kama zile za ofisini, na balbu ya kawaida ya nyumbani. Unawasha hii, unazima, unawasha ile. Kadi mbili zingeweza kuwa pacha chini ya taa ya kwanza, lakini ukibadilisha taa, moja inageuka ya kijani na nyingine inakuwa ya waridi, mpaka unajiuliza kama kuna mtu amezibadilisha ulipopepesa macho. Nilikuwa hodari wa kazi ile, na kila mtu alilijua hilo kwa sababu nilimwambia. Mume wangu, dereva wa lori, alizoea kusema kwamba alioa macho mawili mazuri na mdomo mmoja mkali.

Chumba chetu kilikuwa orofa ya tatu, kimoja, tumekigawanya kwa pazia: nyuma kitanda, mbele sisi na wageni. Mume wangu alinunua televisheni ya rangi ya mitumba, halafu deki ya video, halafu redio kubwa yenye spika mbili zilizonifika mapajani. Kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu, spika moja ilikaa ubavuni mwa televisheni upande huu na nyingine upande ule, zote nimezifunika vitambaa nilivyofuma mwenyewe. Darini tulifunga taa ya tyubu, ndefu, nyeupe pe. Majirani waliokuwa bado na balbu za manjano waliniita madam, na sikuwakataza.

Kati ya vitu vyote vya chumba kile, cha thamani kilikuwa kaseti ya video ya harusi yetu. Si kwa sababu ya harusi. Mama yangu alifariki miezi mitano baadaye, baada ya kuugua wiki mbili tu, na kaseti ile ndiyo mahali pekee alipobaki akitembea na kusema. Alionekana kwa muda mfupi, chini ya turubai la jikoni, anakoroga sufuria kubwa ya wali kwa mwiko. Mpiga picha anamsogelea. Mama anageuka, anamnyoshea mwiko, anasema, "Toka hapa na hiyo kitu yako! Enda upige maharusi!" Kisha anacheka, anaziba mdomo kwa mkono, basi. Ukinywa chai taratibu, yanaisha kabla kikombe hakijafika nusu.

Nyanya yangu, mama yake mama, hakuwahi kuiona. Wakati wa harusi alikuwa kijijini, Ukambani, amevunjika nyonga, hawezi kusafiri. Mara ya mwisho kumwona binti yake ilikuwa siku ya mazishi, ndani ya sanduku, baada ya siku nyingi za mochari. Nami nilisimama kando yake pale. Uso wa mama ulikuwa wa kijivu, umepakwa poda ili usiwe wa kijivu, na poda ile ndiyo iliyozidisha ubaya. Nyanya hakulia. Alitazama tu, na tulipomwondoa alisema kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, kwamba wamempaka mtoto wake majivu.

Basi alipopona nyonga alituma ujumbe kwa mjomba aliyekuwa akija Nairobi. Mjomba alinipa maneno kama alivyopewa: "Amesema atakuja Jumamosi ijayo. Kila akifumba macho anamwona yule wa kwenye sanduku. Anataka umwonyeshe yule mwingine, yule wa harusi, ili huyu wa sanduku atoke."

Nilifurahi mpaka nikapiga makofi. Kisha nikaenda kuijaribu kaseti, na furaha ikanitoka. Tangu spika ziwekwe pale, pembe za televisheni zilikuwa zimeota madoa, la zambarau upande mmoja na la kijani upande wa pili. Tulikuwa tumeyazoea. Ukitazama mpira au taarifa ya habari, doa halikusumbui, mtu anasoma habari katikati ya kioo. Lakini mama alisimama pembeni. Alipogeuka na mwiko wake, uso uliingia kwenye zambarau, na alipocheka akarudi nyuma, ukabaki hapo hapo, zambarau iliyochanganyika na kijivu. Nilikuwa nimeitazama kaseti ile mara nyingi kwa machozi na sikuwa nimeona kwamba mama yangu alikuwa na rangi ya mchubuko.

Nilifanya lile ambalo mtu mjuaji hufanya. Nikazungusha kitufe cha rangi mpaka mwisho. Mama akawa zambarau zaidi, na gauni langu likawa kama limelowa wino. Jirani yangu, mama muuza nguo wa kutoka Murang'a, aliingia akatazama akiwa amesimama mlangoni.

"Hiyo kioo imekufa, mami," akasema. "Hizo za mitumba zinakufanga hivyo. Si uuze tu ununue ingine."

"Nyanya anakuja Jumamosi."

"Basi enda kwa yule mzee wa hapo chini. Lakini ni mtu wa maswali. Atakuuliza mpaka ukoo."

Mzee wa hapo chini alikuwa na kibanda cha mabati upande wa Spine Road. Alikuwa Mkamba kama sisi, mwenye mabega mapana na miwani iliyofungwa uzi. Kabla ya televisheni alikuwa mchonga vinyago kwa miaka mingi, mpaka kifua kikakataa vumbi la mbao. Ndani ya kibanda, televisheni tano zilikuwa wazi matumbo, na juu ya rafu kulikuwa na twiga mmoja ambaye hajamalizika kuchongwa. Nilipomwona twiga nikasema moyoni, huyu ni mchonga miti, televisheni ataijulia wapi?

Nilimweleza shida yangu yote. Hakuuliza televisheni ni ya kampuni gani. Aliuliza, "Nyanya atafika saa ngapi?"

"Saa nane mchana. Tisa ikichelewa sana."

"Dirisha lenu linaangalia wapi?"

"Barabarani."

"Basi nitakuja kesho kutwa, saa nane mchana. Asubuhi sitaki, na jioni sitaki."

Nikamwambia mimi ni mtu wa kazi, jioni ndiyo ingenifaa. Akasema kama nataka nyanya aone vizuri jioni, nimwambie nyanya aje jioni. Nilirudi juu nimekasirika, na kesho yake nikaomba ruhusa kazini.

Alifika siku aliyoisema, na mfuko wa turubai, kioo cha kujitazamia kilichovunjika pembe, na duara kubwa la waya lililofungwa kwa utepe mweusi, upana wa sinia la ubwabwa. Kabla hajakaa aliinua macho darini.

"Zima hiyo."

"Hii ndiyo taa nzuri tuliyo nayo."

"Ni nzuri ya kusomea barua. Lakini haipendi watu, hii taa yako. Zima, ufungue pazia."

Nikazima. Akatazama spika, akainua kitambaa changu cha kufuma kwa ncha ya kidole, akakishusha.

"Nani aliweka hizi hapa?"

"Mimi."

"Ndani ya spika kuna nini, mama?"

"Sauti," nikasema.

Alicheka mpaka miwani ikashuka. "Kuna sumaku. Sumaku kubwa kama sahani. Umeiweka televisheni katikati ya sumaku mbili, halafu unasema ni mgonjwa." Alilowesha kidole, akaweka tone la mate kwenye kioo cha televisheni iliyokuwa ikiwaka, akanivuta kwa mkono nisogee. "Angalia ndani ya hilo tone."

Niliangalia. Tone lilikuza kioo, na ndani yake kulikuwa na vitone vitupu: vyekundu, vya kijani, vya buluu, vimepangana safi kabisa. Nilitafuta nyeupe ya shati la msoma habari, sikuiona. Nilitafuta kahawia ya uso wake, haikuwepo. Mimi niliyekuwa nikilipwa kwa kuangalia rangi, nilikuwa nimetazama kitu hicho mwaka mzima na sikuwa nimekiona.

"Kahawia haipo," nikasema.

"Haipo. Inapikwa. Nyekundu nyingi, kijani kiasi, buluu ya kuonja tu. Huku nyuma kuna bunduki tatu, kila moja inapiga vitone vyake. Sumaku zako zimezisukuma, ya nyekundu inapiga vya wenyewe."

Tulizihamisha spika, moja nyuma ya pazia na nyingine chini ya meza ya vyombo. Madoa yalipungua lakini hayakutoka. Hapo ndipo alipochukua lile duara la waya, akalichomeka kwenye umeme. Lilinguruma. "Hii ni sumaku ya kufuta sumaku," akasema. Akaanza kulizungusha mbele ya kioo polepole, na rangi zote za televisheni zikavurugika, zikazunguka pamoja na mkono wake, zambarau ikifukuza kijani na kijani ikifukuza nyekundu. Nilidhani sasa ameimaliza kabisa. Naye akaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua, bado anazungusha, akapita meza, akapita mlango, akatoka mpaka kwenye korido, waya umevutika mpaka mwisho. Huko nje majirani walikuwa wamekusanyika wakimwangalia mzee mzima anayeichezea televisheni ngoma kinyumenyume. Alipofika ukutani ndipo alipozima.

Nilitazama kioo. Madoa hayakuwepo. Pembe zote nne zilikuwa safi. Nilitaka kumkumbatia, na kwa kuwa haifai, nikamwekea sukari ya ziada kwenye chai.

Nilidhani tumemaliza. Kwake yeye kazi ndiyo ilikuwa ikianza. Aliniambia niweke kaseti, nikaiweka, mama akatokea na mwiko wake. Zambarau ilikuwa imetoka, lakini uso ulikuwa bado wa baridi, wa kijivujivu. Fundi alitazama mara mbili. Kisha akatoa kwenye mfuko mkebe wa majani ya chai, akamwaga mezani vipande vya mbao, kila kimoja urefu wa kidole, vimesuguliwa vikang'aa.

"Mama yako ni upi hapa?"

Vilikuwa karibu ishirini. Mjakaranda mweupe, mzeituni wenye mistari, mpingo mweusi, na muhugu wa kahawia, mwingi, wa kila namna, mkavu, uliopakwa mafuta, uliopakwa rangi ya viatu. Alinieleza kwamba wengi wa wateja wake wanapoambiwa wataje rangi ya mtu wao husema mweusi au maji ya kunde, na hayo hayamsaidii mtu mwenye bisibisi. Lakini wakishika mti, mkono unajua. Televisheni hizi, alisema, zilipangwa huko zilikotoka na watu waliokuwa wakitazama nyuso zao wenyewe. Kazi yake ilikuwa kuzifundisha zetu.

Nikamletea picha ya harusi. Akairudisha bila kuitazama sana. "Hiyo ni rangi ya mwenye studio. Mimi nataka ya mama."

Nilifumba macho, nikashika vipande kimoja kimoja. Nikamkumbuka akinifunga leso kichwani, mkono wake ukipita mbele ya macho yangu. Nilichukua muhugu wa zamani, uliopakwa rangi ya viatu ukafutwa. Nilijua ndio, na mpaka leo ninajua kwamba nilijua.

Alifungua skrubu sita za mgongo wa televisheni, akasimamisha kioo chake mbele ili aweze kuona picha akiwa nyuma, akaingiza bisibisi ndefu kwenye skrubu ndogo za ndani zinazopanga rangi. Uso wa mama ulianza kupata damu. Nilishika shavu langu. Kisha picha ikaenda kwa maharusi waliokuwa juani, na nikaliona gauni langu. Lilikuwa limekuwa la rangi ya maziwa ya chai.

"Hapana! Gauni limeharibika. Rudisha."

Fundi alitoa kichwa nyuma ya televisheni. "Lile turubai la jikoni lilikuwa la rangi gani?"

Nilifikiri. "La buluu. Umejuaje?"

"Wali. Wali ule ulikuwa wa buluu, na hakuna mtu anapika wali wa buluu. Jua lilipita kwenye turubai likamwangukia mama yako. Rangi iliyoibwa kwenye wali, na yeye ameibiwa hiyo hiyo. Nikimrudishia yeye, na wewe uliyekuwa juani nakuongezea usiyoihitaji." Akatikisa bisibisi. "Taa ni mbili, skrubu ni zile zile. Chagua, mama."

Hii ndiyo kazi niliyoifanya kila siku ndani ya kabati la kijivu, kitu kimoja, taa mbili. Mtu mwingine yeyote angekuwa na kisingizio cha kutoelewa. Mimi nilielewa mara moja, na nikachagua gauni. Nilijiambia kwamba nyanya anakuja pia kumwona mjukuu wake bibi harusi, kwamba majirani nao watakuja, kwamba doa limetoka na hilo linatosha. Na gauni lenyewe lilikuwa la kukodi.

"Liache jeupe," nikasema.

Hakubishana. "TV ni yako." Alirudisha skrubu zake za rangi, akafunika mgongo, akafunga skrubu moja tu kati ya zile sita. Nyingine tano alizifunga kwenye karatasi akaziweka juu ya televisheni. Nikasema moyoni, mzee mvivu huyu.

Jumamosi mume wangu alimleta nyanya kutoka stendi ya mabasi ya kutoka Machakos. Alipanda ngazi akipumzika kila orofa, fimbo mkono mmoja na mfuko wa maembe mkono wa pili, na hakukubali kupokewa hata kimoja. Alipokaa nilimwekea chai. Hakuigusa.

"Niwekee kwanza," akasema.

Pazia lilikuwa wazi, taa ya tyubu imezimwa. Harusi ikaanza. Gauni langu liliwaka jeupe, na jirani wa Murang'a aliyekuwa amejipenyeza mlangoni akasema, "Ai, mami, ulikuwa umeiva!"  Nyanya alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, ameshika fimbo kwa mikono miwili. Likaja turubai, ikaja sufuria. Mama akageuka na mwiko.

Nyanya alitazama mpaka mama alipoziba mdomo. Kisha akaangalia chini.

"Zima."

"Susu?" nikamwita nyanya kwa Kikamba.

"Huyu nimeshamzika."

Sijawahi kupigwa kofi na mtu mzima, lakini nadhani linakuwa hivyo. Mume wangu alizima. Nilitoka na malapa, nikashuka orofa tatu, nikakimbia mpaka kibandani. Fundi alikuwa amekaa nje, amevaa shati safi, mfuko uko miguuni na kile kioo kimeegemezwa ukutani. Aliniona ninavyohema.

"Nyanya amefika," akasema, akainuka. Hakuniuliza kingine, na mpaka leo namshukuru kwa hilo.

Alimwamkia nyanya kwa Kikamba, akiwa ameinama, kama mtu anayeingia boma lake. Akamwomba radhi kwa kumsumbua. Kisha akauliza, "Susu, huyu mtoto wako alichukua rangi ya nani?"

"Yangu," nyanya akasema. "Alipozaliwa mkunga aliweka mkono wake juu ya wangu akacheka. Hata viganja."

"Basi niazime mkono wako."

Skrubu ile moja ilitoka mara moja. Hapo ndipo nilipoelewa zile tano za kwenye karatasi, na aibu ikanipanda mpaka masikioni. Alimsogeza nyanya na kiti chake mpaka karibu kabisa, akauweka mgongo wa mkono wake kwenye kioo, kando ya mahali uso wa mama ungetokea. Umeme mdogo wa kioo ukamchoma vinyweleo, nyanya akashtuka. "Inaniuma?" Fundi akamwambia inamsalimia. Mimi nikapewa kile kioo cha kujitazamia nikishike mbele. Tukawasha kaseti, tukaisimamisha pale mama alipogeuka, picha ikitetemeka.

Ndani ya kioo niliona vyote kwa pamoja: mkono wa nyanya, wenye mishipa, wa muhugu wa zamani, na kando yake uso wa kijivu wa binti yake. Bisibisi ikaanza kuzunguka. Wali ndio uliobadilika kwanza. Buluu ilitoka polepole, wali ukawa wali. Kisha paji la uso wa mama. Kisha mashavu. Deki haikuvumilia kusimamishwa, ikajizima, tukarudisha, tukasimamisha tena. Mara tatu. Fundi alikuwa akitazama kwenye kioo nilichokishika, anautazama ule mkono, anatazama uso, anatazama mkono. Jasho lilimtoka. Nilikikaza kile kioo mikononi, maana niliona kwamba ile ilikuwa kazi yangu mimi, kazi ya kadi mbili, na hakuna siku Industrial Area niliyoiona ikifanywa kwa upole namna ile.

"Hapo," akasema nyanya.

Bisibisi ikasimama. Sikuweza tena kuona mkono unaishia wapi.

Tukaiacha kaseti iende. "Toka hapa na hiyo kitu yako!" mama akasema, na nyanya, mkono bado uko kwenye kioo, akamjibu, "Bado hajaacha ukali!" Akacheka, na alipocheka aliziba mdomo kwa mkono wa pili, vile vile. Mume wangu alitoka nje akasimama koridoni. Mimi nililia bila kujificha, na jirani wa Murang'a alilia pia, na mama yangu hakuwahi hata kukutana naye.

"Rudisha," nyanya akasema. Tulirudisha mara nyingi sana siku ile. Baadaye ndipo alipoacha kaseti iendelee mpaka kwa maharusi, akakunja uso.

"Na gauni lako, mbona limechafuka?"

"Ni vumbi la Kayole, Susu."

Fundi alifunga skrubu zote sita.

Televisheni ile iliishi nasi miaka mingine minne, na sikumruhusu mtu aiguse. Nyasi za uwanja wa mpira zilikuwa za manjano kidogo, kama za kiangazi, na rafiki za mume wangu walilalamika kila Jumapili. Niliwaambia waende wakatazame za kijani makwao. Kazini nako niliacha kujisifu, angalau mbele za watu.

Mwezi mmoja baada ya nyanya kurudi kijijini, mjomba alikuja tena na ujumbe, na huu haukuwa wangu. Niliupeleka kibandani siku hiyo hiyo. Fundi alikuwa ameinamia televisheni ya mtu, chuma cha kuchomea mkononi, moshi unapanda.

"Nyanya amesema nikwambie," nikamwambia, "siku hizi akifumba macho, anayekuja ana mwiko."

Alikiweka chini kile chuma. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaendelea kuifuta ingawa ilikuwa imetakata. Kisha akauliza kama niliweza kuona, pale kwenye kaseti, mwiko wenyewe ulikuwa wa mti gani.